Songea–Mtwara "saa 1 na dakika 8" kwa ndege: ndege gani hiyo, ya nani?

Wakuu, nimekereka na sitaki kuficha.

Kuna mtandao mmoja wa tiketi, siutaji jina. Ukiandika Songea na Mtwara unakupa jibu la haraka: umbali kilomita 505, muda wa safari saa 1 na dakika 8. Pembeni kimchoro cha ndege kinaelea juu ya ramani. Basi na mimi nikampigia mama mkubwa Songea nikamwambia ajiandae, ana miadi hospitali ya rufaa ya kanda pale Mtwara, mgongo unamsumbua na basi haliwezi kabisa. Bonyeza sasa "tafuta ndege" uone maajabu: Songea–Dar, unalala, kesho yake Dar–Mtwara. Nauli mbili, na gharama ya kulala juu yako.

Hiyo saa 1 na dakika 8 imetoka wapi? Wamepiga mstari mnyoofu kutoka kiwanja hadi kiwanja, wakagawa kwa mwendo wa jeti, kama kilomita 800 kwa saa, wakaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. Hakuna aliyejisumbua kuangalia kama kuna ndege inayoruka huo mstari. Tena Songea tunashushiwa Bombardier ya mapanga, jeti tunaiona ikipita juu kwa juu.

Sasa pigeni hesabu ya kweli. Songea hadi Dar angani ni kama kilomita 580. Dar kurudi kusini hadi Mtwara ni karibu 400. Jumla inakaribia 980, yaani mara mbili kasoro kidogo ya ile wanayokuonyesha. Unapanda kaskazini hadi baharini ili ushuke tena kusini! Na hapo sijagusa kusubiri Dar, ambako ndiko muda wote unakoishia.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Nikajibiwa: "Umbali huo ni sahihi, mpendwa mteja." Sahihi kwa kunguru, labda.

Msije mkaniambia soko ni dogo, abiria hawapo. Najua, na wala sijaomba shirika lolote lilete ndege ya hasara. Ninachodai ni kitu kidogo mno: kama hakuna ndege ya moja kwa moja, andikeni HAKUNA, kwa herufi kubwa, juu kabisa, kabla ya hizo kilomita zenu. Mtu anapanga matibabu, anapanga msiba, anaomba ruhusa kazini kwa kuamini hiyo namba.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 650: Namtumbo, Tunduru, Masasi, Mingoyo, Mtwara. Lami ipo, shukrani, lakini malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini yamejaa humo, na kuyapita usiku ni roho mkononi.

Miadi haijasogezwa, kwa hiyo tunaenda na basi. Aliyepita njia hiyo karibuni anisaidie: lipo la siti mbili kwa mbili linaloondoka Songea alfajiri, ambalo kiti kinalala angalau kidogo? Na Tunduru kuna gesti ya maana ya kumpumzisha mgonjwa tukikata safari katikati? Wenye matusi na "kwani lazima Mtwara" piteni kimya.