Mjadala: Je, mtafiti wa masuala ya wanawake akiingia katika harakati, usomi wake unapungua?

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo hapa Dodoma inazungumzwa chini chini na ambayo naona inastahili kujadiliwa waziwazi. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, katika chuo ambacho sitakitaja, aliwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu wanawake wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino ambao wakati wa kiangazi huchimba mchanga wa korongo, wakasubiri maji yajikusanye shimoni, kisha wakateka kata baada ya kata hadi dumu lijae. Alikusudia kuyarudisha matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuwasaidia wanawake hao kupeleka madai yao halmashauri. Jopo lilimwagiza aifute sehemu hiyo yote, kwa maelezo kwamba huo ni uanaharakati wala si utafiti, na kwamba mtafiti aliyechukua upande haaminiki tena.

Naupinga msimamo huo, na ushahidi wangu ni maisha ya kazi ya Profesa Marjorie Mbilinyi, mtafiti na mwanaharakati wa masuala ya wanawake. Alizaliwa Marekani, akaja nchini katika miaka ya 1960, akawa raia wa Tanzania na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa. Mwaka 1972 alikuwa tayari amechapisha makala kuhusu mwanamke mpya na mila za jadi nchini. Mwaka 1983, yeye na Ophelia Mascarenhas walitoa bibliografia ya uchambuzi juu ya wanawake wa Tanzania, yaani kazi ya kukusanya maandishi ya wengine, kuyasoma moja moja na kuyapima. Hiyo ni kazi ya subira ambayo haina jukwaa wala makofi, na anayedai kwamba mwanaharakati hana nidhamu ya kitaaluma angeanza kwa kuisoma hiyo.

Lakini kazi inayonigusa zaidi ni ile aliyoifanya wilayani Rungwe pamoja na Rebeka Kalindile, mwanamke mkulima aliyemsimulia maisha yake. Katika insha iliyochapishwa mwaka 1989, Mbilinyi hakuishia kutupa simulizi ya Kalindile. Alieleza pia jinsi simulizi hiyo ilivyopatikana: nani aliuliza, nani alijibu, nani alikuwa na uwezo wa kuandika na kuchapisha, na mahusiano hayo ya nguvu yaliathiri vipi kilichosemwa. Mtafiti anayejiita hana upande huyaficha mambo hayo, pengine hata nafsi yake mwenyewe haiyaoni, ilhali yeye aliyaweka mezani ili msomaji aweze kumhukumu. Nauliza kwa dhati: kati ya hao wawili, ni yupi anayestahili kuaminiwa zaidi?

Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ambao mwaka 1997 ulianza kazi ya kudai bajeti yenye mrengo wa kijinsia, yaani inayouliza fedha za umma zinawagusa vipi wanawake na wanaume. Sisi tunaoishi katika mji ambao bajeti ya taifa husomwa kila Juni tunapaswa kulielewa swali hilo kuliko wengine. Fungu la maji likipunguzwa bungeni, gharama haipotei, bali inahamia kwenye mgongo wa mama wa Chamwino na kwenye saa zake za kulima, za kupika na za kupumzika. Swali hilo halikuweza kuzaliwa maktabani peke yake, wala kwenye maandamano peke yake.

Wapo wanaosema kwamba harakati hutegemea wafadhili, na mfadhili ndiye huchagua swali la utafiti. Hatari hiyo ni ya kweli na sitaipuuza. Hata hivyo, inamkabili vilevile mhadhiri anayefanya kazi za ushauri elekezi kwa mashirika hayo hayo, naye hakuna jopo linalomwita mwanaharakati. Hoja yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ya kitaaluma iko kwa Kiingereza, na hivyo haisomwi na wanawake wanaosimuliwa humo. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni kuwarudishia watu matokeo kwa lugha yao, jambo lile lile ambalo mwanafunzi wetu amekatazwa kulifanya.

Tena mkutano wa kijiji ni mahali pagumu kuliko ukumbi wa jopo. Mtafiti akisema wanawake husubiri maji usiku kucha, na si kweli, wapo watakaosimama kumpinga papo hapo, na mwenyekiti wa kijiji hatakosa la kusema. Huo ni uhakiki. Jopo lingemuuliza mwanafunzi kama atawasikiliza wanaume, wahudumu wa pampu na wanawake wasiokubaliana na wenzao, na takwimu zake zitathibitishwa vipi, ningeliunga mkono kwa moyo wote.

Kwa hiyo wanaotetea uamuzi wa jopo nawaomba watuonyeshe kanuni ya utafiti inayovunjwa pale mtafiti anapowasomea matokeo yake watu aliowahoji, na watueleze, katika kazi za Mbilinyi, ni wapi msimamo wake ulipopotosha ushahidi.