Unga wa bakteria kwenye karo la maji taka: unasaidia kweli?

MamaPacha
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Karo letu lina miaka 9 na halijanyonywa hata mara moja. Nyumbani tuko watu sita. Tangu mwezi uliopita maji yanachuruzika pembeni mwa shimo la kunyonyea (lile linalopokea maji ya karo yazame ardhini), majani ya hapo yamestawi kuliko ya uwanja mzima, na jioni harufu inaingia hadi jikoni. Jirani kanipa pakiti ya unga wa bakteria, anasema nikimimina chooni kila wiki sitaita tena gari la kunyonya. Mwingine kasema hamira inatosha. Mume wangu anataka amwage klorini akate harufu. Niko njia panda, nimwage nini?

FundiKaro
Dada, usimwage kitu kwanza. Hiyo klorini hasa, mwambie shemeji aiweke chini.

Mimi nimefungua na kujenga makaro mwaka wa 17 huu, na jambo hili linaniuma kwa sababu watu wanadanganywa. Bakteria wa kwenye pakiti tayari unao. Gramu moja tu ya kinyesi ina mabilioni yao, wanaingia karoni kila mnapovuta maji. Nyumba ya watu sita haiishiwi bakteria. Inaishiwa nafasi.

Maji yakiingia karoni yanatakiwa yatulie, siku nzima au zaidi. Kizito kinazama kinakuwa tope, mafuta yanaelea yanafanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimoni. Bakteria wasiohitaji hewa wanaishi kwenye tope na kulila polepole. Wanalipunguza sana, lakini hawalimalizi: mchanga, nywele, nyuzi za nguo, hata mabaki ya bakteria waliokufa, vyote vinabaki chini. Baada ya miaka 9 tope limepanda, maji hayapati tena pa kutulia. Yanaingia huku yanatokea kule na uchafu wake. Ukiongeza bakteria hapo ni sawa na kuongeza wapishi kwenye jiko lisilo na nafasi ya kusimama.

Niliwahi kuitwa kwa mzee aliyemwaga hamira miaka miwili bila kukosa wiki. Nilipofunua mfuniko, utando wa juu ulikuwa mkavu na mgumu, nikaweka koleo juu yake likakaa bila kuzama. Hamira ile haikuugusa.

Fanya hivi. Tafuta mti mrefu, ufunge taulo kuukuu jeupe kuanzia chini, uuteremshe taratibu hadi sakafu ya karo, subiri dakika chache kisha uuvute polepole. Tope litaacha alama nyeusi, pima urefu wake. Jumlisha na unene wa utando wa juu. Vikifika theluthi moja ya kina cha maji, ita gari. Ila tafadhali sana: usiinamie mdomo wa karo, usiwashe moto karibu, na mtu yeyote asiingie ndani hata kama kitu kimedondoka. Ile gesi inayonuka yai viza, ikizidi pua haiisikii tena, na mtu anaanguka hapo hapo. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka.

MtuWaMaabara
Naunga mkono, na naongeza kidogo. Mwaka 1914 huko Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wakipuliza hewa kwenye maji taka. Mwanzoni ilichukua wiki kadhaa maji kusafika. Kisha badala ya kutupa tope lililotuama, wakalibakiza na kuongeza maji taka mapya juu yake, tena na tena. Muda ukashuka hadi saa chache. Hawakununua bakteria popote. Waliwatunza waliokuwepo na kuwapa hewa.

Ndiyo maana mitambo ya nyumbani yenye pampu ya hewa inasafisha vizuri kuliko karo la kawaida. Bakteria wanaopumua hewa wanakula haraka, na wako wanaogeuza amonia, ile yenye harufu kali ya mkojo, kuwa naitreti, chumvi isiyonuka, kazi isiyofanyika kwenye karo lisilo na hewa. Ila pampu isizimwe, hata usiku. Mwenye karo la kawaida anategemea udongo umalizie kazi hiyo.

MamaPacha
Nimerudi. Nimepima Jumamosi, mume wangu ameshika mti mimi nimeshika futi. Taulo limetoka jeusi sentimita 70, na maji yote ni sentimita 150! Gari lilikuja jana. Walipomaliza kunyonya tukaona kiungo cha T cha bomba la kutokea kimelala sakafuni, kimekatika. Kaka fundi, shimo litapona?

FundiKaro
Basi mwizi ni huyo, dada. T ile ndiyo inayozuia utando usitoke, ilipokatika mafuta yakawa yanakwenda moja kwa moja shimoni. Rudishia nyingine kabla karo halijajaa, kazi ifanywe kutokea juu ya mdomo.

Shimo linaweza kupona. Kuta zake zimefunikwa na utelezi mweusi, nao ni bakteria hao hao walioshibishwa kupita kiasi bila hewa. Kama mna nafasi, chimbeni shimo la pili, mgeuzie maji huko, hili lipumzike miezi kadhaa. Likikauka hewa inaingia, na bakteria wa hewa wanaula ule utelezi. Kama hamna nafasi, punguzeni maji: kagua tangi la choo kama linavuja kimyakimya, nguo msifue zote siku moja, na mafuta ya kupikia yasipite kwenye sinki. Karo msilisugue wala kulimwagia dawa, litajaa lenyewe na bakteria watakuwa kazini.

Ukipima tena mwakani, andika kipimo na tarehe kwa rangi kwenye mfuniko upande wa ndani.