Nimeuza picha mbili galari, bado nadaiwa kikoba

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi wa pili, na leo ndiyo nimelipwa hela ya mwisho, kwa hiyo hakuna tena cha kunizuia kusema. Jina la galari, yaani ukumbi wa kuonyesha na kuuza picha, sitalitaja. Nikilitaja tutaishia kuijadili galari moja, wakati wachoraji wengi wa mji huu wanaujua mchezo huu wa kutozwa ada ya kutundika picha na bado kukatwa kamisheni zikiuzwa.

Mimi ni mwanamke, mchoraji, nakaa Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka wa kumi na moja huu nachora. Kitambaa cha marekani nanunua Kariakoo, nawamba mwenyewe, napaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, naacha ikauke siku mbili ndipo naanza. Picha kubwa inanichukua wiki tatu, wakati mwingine mwezi. Picha zisipouzwa nashona mashuka.

Mwaka jana mwishoni nilipigiwa simu kwamba nimechaguliwa kushiriki maonyesho ya wiki mbili huko Masaki, wasanii wanane. Niliposikia "umechaguliwa" nililia, sitaki kuwadanganya. Nilimpigia mama usiku uleule. Nilipoenda kusaini mkataba ndipo nikakuta "ada ya ukuta" shilingi 450,000 kwa mita tatu, ilipwe kabla ya kutundika. Chini yake kamisheni ya asilimia 40 kwa kila picha itakayouzwa. Chini zaidi, fremu na usafiri ni juu ya msanii. Nikauliza, dada, mbona vyote viwili? Akanijibu ndivyo inavyofanyika duniani kote, na kwamba kuna wenzangu wanaisubiri hiyo nafasi.

Hela sikuwa nayo. Nikakopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, kwa riba ya asilimia 10. Wale akina mama wanauza mihogo na vitumbua. Hela ya vitumbua ndiyo iliyolipia ukuta wa Masaki.

Sasa hesabu. Nilipeleka picha sita. Fremu nilitengenezewa Keko, moja elfu 55, jumla 330,000. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwenda na kurudi elfu 60. Ukuta 450,000. Hiyo ni 840,000 imenitoka kabla sijahesabu rangi, kitambaa wala siku zangu. Picha mbili ziliuzwa, moja ya 900,000 na nyingine ya 600,000. Yule wa 900,000 aliomba punguzo, wakampunguzia laki moja bila kuniuliza. Ilipofika kugawana, kamisheni yao wakaipiga kwenye bei ya zamani, yaani laki moja yote ikakatwa upande wangu. Mnunuzi mmoja katoa 800,000, mwingine 600,000, jumla milioni moja na laki nne. Wao wakachukua 600,000, mimi 800,000.

Toa 840,000 kwenye 800,000. Nimeuza picha mbili na nimepata hasara ya elfu 40. Ongeza riba ya kikoba elfu 45, inakuwa elfu 85. Galari kwenye picha zangu hizohizo imeondoka na 1,050,000, ukijumlisha ada na kamisheni. Na hiyo 800,000 sikuipata kwa mkupuo. Maonyesho yalifungwa mwezi wa pili, mwezi wa nne nikapewa laki tatu, leo mwezi wa sita nimemaliziwa laki tano. Kila nikipiga simu naambiwa mhasibu kasafiri. Mnunuzi aliondoka na picha yake siku ya ufunguzi, kailipia papo hapo, nilimwona kwa macho yangu.

Kuna kinachoniuma kuliko hela. Yule wa picha ya 600,000 ni mteja wangu mimi. Alishanunua kwangu mara mbili, na nilimwalika mwenyewe kwa WhatsApp, akaja na mume wake. Galari haikumtafuta. Kumbe mkataba una kifungu kwamba mtu yeyote atakayenunua kwangu ndani ya miezi 12 baada ya kuiona kazi yangu pale, hata akija kununua picha nyingine nyumbani kwangu Mbagala, asilimia 40 ni yao. Kwa hiyo niliwapelekea mteja wangu na nikawalipa kwa kuwapelekea. Nilisaini, najua, mtaniambia ningesoma. Nilisoma. Niliogopa kupoteza nafasi.

Naomba nieleweke vizuri kwenye kamisheni, maana wengine watadhani naililia asilimia 40. Hapana. Kamisheni naikubali kabisa. Galari ina kodi ya pango, na Masaki pango si mchezo, ina umeme, mlinzi, watu wa kuwakaribisha wageni, na kazi ya kuwatafuta wanunuzi, ambayo mimi siiwezi. Galari za biashara zinazoheshimika huko Ulaya na Marekani hukata mpaka nusu ya bei na wasanii wao wanaishi. Lakini zinakata kwa kilichouzwa. Picha isipouzwa, galari nayo imekula hasara ya kodi ya mwezi ule, kwa hiyo wanahangaika usiku na mchana iuzwe. Wanampigia simu mnunuzi wa zamani, wanamwandikia mwandishi wa magazeti, wanamweleza mgeni kuhusu msanii. Galari inayomtoza msanii ili aonyeshe kazi zake ina sifa mbaya hukohuko, na maonyesho ya namna hiyo hayana uzito kwenye wasifu wa msanii. Kwa hiyo niliyoambiwa kwamba ndivyo inavyofanyika duniani kote ni uongo, na aliyeniambia alikuwa anajua.

Nilichokuja kukielewa, kwa kuchelewa na kwa hela yangu, ni hiki. Ukishamtoza msanii ukuta, huna tena sababu ya kuuza. Piga hesabu, wasanii wanane mara 450,000 ni 3,600,000, imeingia kabla mlango haujafunguliwa. Galari imeshachukua chake mapema. Ndiyo maana ndani ya zile wiki mbili nilienda siku tano na siku tatu kati ya hizo sikukuta mtu wa kuzungumza na wageni, kulikuwa na mlinzi na kijana wa usafi. Karatasi za bei zilikuwa zimeisha. Baba mmoja alikuja akiulizia picha yangu ya soko la samaki Feri, mlinzi akamwambia arudi Jumatatu. Hakurudi. Wateja wao walikuwa sisi wachoraji, tuliokuwa tumeshalipa, yule baba alikuwa mpita njia tu.

Dalali hapa mjini tunamsema vibaya kila siku, lakini dalali wa mali mpaka mali iuzwe ndipo anakula. Na yule wa nyumba akianza kudai elfu 20 ya kukuonyesha vyumba, si tunamlalamikia wote? Tunajua atakuzungusha siku nzima kwenye vyumba vibovu, kwa sababu hela yake imo kwenye kukuzungusha. Galari ya ada ya ukuta ni hivyohivyo.

Na kodi peke yake pia naielewa. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Mtu analipia kibanda chake, anafungua asubuhi, anapanga kazi zake, anaongea na mgeni mwenyewe, bei anapanga mwenyewe, na hela yote ya kinyago ni yake. Amepanga eneo, basi, hakuna mtu wa pili wa kumkata. Mimi Masaki nimelipa kodi kama mpangaji halafu nikakatwa kama mtu ambaye kazi zake zimeuzwa na dalali, huku jina la mnunuzi nafichwa. Picha yangu ya 900,000 sijui iko nyumba gani, nchi gani. Wachague moja. Wapangishe kuta na wasiguse bei zetu, au wachukue asilimia na wabebe hasara pamoja nasi.

Nawafikiria sana waliotutangulia. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapahapa Oysterbay, hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kazi zake zikawa zinauzwa pale karibu na Morogoro Stores. Alifariki 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na mtindo wake unalisha familia mpaka leo. Ndugu na wanafunzi wake waliungana, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, ambacho wenyewe ni wachoraji. Chama kama hicho kikikukata, umekatwa na wenzako na una sauti kwenye kikao.

Na George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, ambaye kazi zake leo zinapigwa mnada Ulaya. Aliingia Nyumba ya Sanaa kama mlinzi. Mlinzi! Nyumba ya Sanaa ilianzishwa 1972 kwa ajili ya watu wa aina yake, wenye mikono lakini wasio na mtaji, akapewa nafasi ya kufanya kazi na kuonyesha. Angeambiwa atoe ada ya ukuta angeitoa wapi? Leo jengo lile la Upanga limebomolewa, na pengo lake ndilo linalojazwa na watu wa mita tatu kwa 450,000.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo zaidi. Nina kijana ananisaidia kuwamba, ana miaka 22, mkono wake ni mzuri kuliko wangu, na nasema hivyo kwa dhati. Anachora daladala zikiwa zimejaa abiria, unasikia hadi joto. Hatatundikwa Masaki. Si kwa sababu kazi yake haikuchaguliwa. Hana laki nne na nusu na hana kikoba. Kati yetu wanane, wawili walikuwa wanachora kwa mwaka wa kwanza, kazi bado changa kabisa, ila wazazi walilipa. Kisha mgeni anapita, anaangalia kuta, anaondoka akiamini hiyo ndiyo sanaa ya Tanzania.

Wanaosema hakuna njia nyingine waangalie Kanada. Wachoraji wa kule walianzisha umoja wao mwaka 1968, CARFAC, baada ya mchoraji mwenzao Jack Chambers kukataa kazi yake itumiwe bure na jumba la taifa la sanaa. Kufikia 1975 majumba ya umma yakaanza kumlipa msanii ada kwa kuonyesha kazi yake. Mwaka 1988 ikaingia kwenye sheria ya hakimiliki: kazi ikitundikwa hadharani kwa ajili ya kutazamwa tu, si kuuzwa wala kukodishwa, msanii ana haki ya malipo. Najua Kanada ina hela na sisi hatuna. Lakini tazameni hela inakotoka na inakokwenda. Kule jumba linamlipa mchoraji. Hapa mama muuza vitumbua wa Mbagala ndiye aliyelilipa jumba.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimesoma majibu yenu, asanteni, hata mlionitukana.

Ndugu uliyesema "kama hutaki usipeleke", nimekuelewa. Mwakani sipeleki. Lakini mgeni aliyetoka hotelini na hela mkononi hafiki Mbagala, anafika Masaki, na wenye kuta za Masaki wanalijua hilo.

Mliosema niuze mtandaoni, nauza. Picha ndogo za elfu 80, elfu 100 zinatoka vizuri Instagram. Ya 900,000 mtu anataka kusimama mbele yake, aisogelee, aone brashi ilivyopita. Sijawahi kuuza kubwa kwa mtu ambaye hakuiona kwanza.

Kaka uliyeuliza ni mkataba gani ningesaini: asilimia 40 sawa, bila ada ya ukuta. Punguzo tukubaliane kabla, na likitolewa tuligawane. Mteja niliyemleta mwenyewe asilimia 15. Malipo ndani ya siku 30 tangu mnunuzi alipe, na nipewe nakala ya risiti yenye jina lake. Galari ikiwa na hayo hata kesho naenda, na fremu nalipia mwenyewe bila kinyongo.

Wachoraji mliomo humu, naomba mniandikie hapa au inbox: ada mliyolipa, asilimia mliyokatwa, na siku zilizopita tangu picha iuzwe mpaka mkashika hela. Majina ya galari msiweke. Nataka tuwe na hesabu za watu kumi, ishirini, tuziweke mezani siku tukikaa nao.

Picha zangu nne zilizobaki bado ziko stoo yao. Nimeambiwa kuanzia mwezi ujao wanaanza kutoza hela ya kuzitunza. Jumamosi asubuhi naenda na kirikuu kuzichukua.