Sataranji: kete zikishatoka zote, nipange nini?

Mwana_Jinja: Shikamooni wakubwa. Nacheza sataranji jioni hapa Jinja. Mitego naiona, mafumbo ya simu nayatatua. Lakini pakiwa hakuna cha kula, mfalme kashajificha, sijui nisogeze nini. Mnaanzia wapi?

Mzee_wa_Ntinda: Marahaba mwanangu. Jiulize kwanza: kete yangu ipi imekaa vibaya kuliko zote? Ihamishe hiyo. Kisha tazama askari, maana askari harudi nyuma. Askari wa Mweusi akibaki peke yake d5 (herufi ni safu, namba ni mstari), bila mwenzake safu ya c wala e, mraba wa d4 ni wako. Hakuna askari wa kukufukuza pale. Weka farasi. Usikimbilie kumla, mzuie kwanza, halafu mlundikie ngome. Tafuta mchezo wa wachezaji wa zamani, Rubinstein (Mweupe) na Salwe (Mweusi), Łódź, 1908. Mweupe anazikalia c5 na d4 mpaka Mweusi anakosa pumzi. Sijaona somo safi kuliko hilo, na vijana wetu wangeanza nalo kabla ya kukariri ufunguzi.

Farasi_Mbale: Tazama na maaskofu. Kwenye Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi ambao Mweusi hujibu e4 kwa e6 (1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5), askofu wa c8 amefungiwa na askari wake mwenyewe. Mweusi hujibu c5, apige shina la mnyororo wa askari wa Mweupe pale d4.

Mwana_Jinja: Kwa hiyo nikiwa Mweupe, nisimbadilishe askofu wangu wa d3 na huyo wa c8?

Mzee_wa_Ntinda: Usimbadilishe bure. Huyo wa d3 ndiye anayemtisha mfalme wa Mweusi, kwa kulenga mraba wa h7.