Krosova ya Forester SG5 tabo: ya mtumba, ya kuchongesha kwa weldi au heda kamili? Nataka sauti

boksa_wa_arusha
Wakuu habari zenu. Nina Subaru Forester SG5 ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwenye injini), injini ni EJ205, gia manyuo. Krosova yangu, lile bomba linalovuka chini ya injini kutoka kushoto kwenda kulia, limeliwa na kutu pale kwenye flenji (lile bati la mwisho wa bomba linalofungwa kwa nati), asubuhi nikiwasha inapiga tik tik tik kama dakika mbili tatu halafu inanyamaza ikishapata moto. Nikaona kwa kuwa lazima niifungue basi nitumie nafasi hiyo hiyo niipate ile sauti ya Subaru yenyewe, ule mdundo wa dum-dum gari ikiwa imesimama inanguruma. Hapa nilipo naona njia tatu: nichukue krosova orijino ya mtumba ya Japani, nichongeshe ya stenlesi kwa fundi wa weldi, au ninunue heda kamili, yale mabomba ya kwanza yanayotoa moshi kwenye injini, zile ambazo mabomba hayalingani urefu. Kuna jamaa mwingine ananiambia weka zile za urefu sawa ndo kiboko. Nataka kufanya mwenyewe nyumbani, nina jeki, stendi mbili na seti ya boksi spana. Ushauri tafadhali.

spana14
Mkuu kwanza tutenganishe vitu viwili maana watu wengi wanavichanganya na hela inapotea. Mdundo ni kitu kimoja na ukubwa wa sauti ni kitu kingine. Mdundo unatengenezwa mbele, kwenye heda na krosova. Ukubwa unaamuliwa nyuma, kwenye mafla, lile kopo la kupunguza kelele.

EJ inachoma kwa mpangilio wa 1-3-2-4, silinda 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto, kwa hiyo kulia inapiga mara mbili mfululizo halafu kushoto nayo mara mbili. Sasa moshi wa kulia una safari fupi mpaka kwenye bomba la kupanda kwenye tabo, wa kushoto unazunguka kwanza kwenye krosova ndo unamkuta mwenzake, umechelewa tayari. Yale mapigo hayafiki kwa nafasi zinazolingana, na hapo ndipo dum-dum inapozaliwa. Ukiweka heda za urefu sawa unakuwa umeondoa kile kile unachokitafuta, gari itakuwa nyepesi kwenye tabo lakini italia laini tu kama gari nyingine yoyote ya silinda nne. Huyo jamaa yako anaongelea nguvu, wewe unaongelea sauti.

Na SG5 ya tabo tayari imetoka kiwandani na mabomba yasiyolingana, mdundo unao. Krosova mpya, hata iwe pana na laini ndani namna gani, itabadilisha sauti kidogo sana. Ibadilishe kwa sababu inavuja, hiyo ni sababu tosha, maana kuvuja kabla ya tabo unapoteza msukumo unaotakiwa kuizungusha. Ukitaka isikike zaidi, hela nyingine ipeleke kwenye mafla.

legacy_bp5_dar
Naunga mkono hapo juu asilimia mia. Mimi nina Legacy BP5 GT na hizi toka 2003 kule Japani zimekuja na heda za urefu sawa na tabo ya twini skroli (yenye njia mbili za kuingizia moshi), ndo maana nyingi hazilii. Nimeshaona watu wanakuja na heda za mdundo wanataka kufunga kwenye gari kama yangu bila kugusa tabo, aisee hiyo hapana. Twini skroli inataka mapigo yaje kwenye njia mbili zilizotengwa, silinda 1 na 2 huku, 3 na 4 kule, ukizichanganya zote bomba moja ile tabo inaamka kwa kuchelewa na unakuwa umelipia kuharibu. Mpaka ubadilishe na bomba la kupanda na tabo yenyewe. Wewe wa SG5 shukuru, yako ni skroli moja.

mvita_flat4
Ndugu yangu mimi niko Mombasa na hapa kutu ndiyo hadithi yetu, chumvi haina huruma. Ya mtumba ukiichukua igonge na kitu cha chuma uisikilize, halafu pitisha brashi ya waya kwenye flenji na kwenye mistari ya weldi, kwa sababu nyingi zimepakwa rangi ya fedha zikapendeza na ndani ya rangi ni biskuti. Tazama pia kama flenji imelala sawa, iweke juu ya kioo au meza ya bati nene, ikicheza achana nayo.

Ya kuchongesha si mbaya lakini mwambie fundi atumie stenlesi 304 na achomee kwa agoni (weldi ya gesi), si ile weldi ya stiki ya kuunga mageti. Na jambo moja watu hulisahau, stenlesi hutanuka kwa joto zaidi kuliko chuma cha kawaida, sasa bomba lililofungwa huku na huku kwenye injini likikosa mahali pa kunyooka litatafuta pa kupasukia, na litapasuka pembeni ya weldi. Mpe krosova ya zamani aitumie kama kipimo, azifungie flenji mpya juu ya ile ya zamani au juu ya injini yenyewe ndipo ashike kwa nukta za weldi, akikadiria kwa macho hutalifunga hilo bomba hata uite kijiji kizima.

mark_x_kinondoni
Samahani naingilia kidogo, na sisi wa V6 hii krosova inatuhusu? Nina Mark X, fundi ananishauri niweke X-paipu.

spana14
Hiyo ni mada nyingine mkuu. Kwenye V6 na V8 kila upande una bomba lake, X au H ni kiungo cha kuyakutanisha katikati. Wamarekani kwenye V8 zao kama Mustang wanakuambia H inabakiza mlio mzito wa kukoroma, X inatoa mlio mkali na wa juu zaidi. Kwa V6 yako X itakupa sauti nyororo, usitegemee kukoroma. Fungua uzi wako tuchangie tusimharibie mwenzetu.

mafuta_na_moshi
Mimi nirudi kwenye ile tik tik, mkuu usifungue chochote kabla hujahakikisha. EJ zina tabia ya pistoni kugonga injini ikiwa baridi na nayo inaisha ikipata moto, sauti zinafanana sana. Toa kava ya chini gari ikiwa imepoa, chukua tochi, tafuta masizi. Panapovuja pana mstari mweusi mkavu kama umepakwa kwa kidole kutoka kwenye kingo za gasketi, kwenye flenji au pale heda inapoingia kwenye kichwa cha injini. Halafu mwenzio awashe gari baridi azibe ekzosi nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache tu, wewe sikiliza bila kulala chini ya gari, kelele ya kuvuja itaongezeka, ya pistoni haitabadilika.

Kufanya nyumbani inawezekana kabisa. Nati nyingi pale ni za 14. Shida siyo spana, shida ni kutu. Pulizia WD-40 jioni, rudia asubuhi, na ukianza kufungua usilazimishe, legeza kidogo, rudisha, legeza tena. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ya kwenye kichwa cha injini ikikatika umetoka kwenye kazi ya nyumbani umeingia kwenye kazi ya kutoboa aluminiamu, kwa hiyo kama krosova peke yake ndiyo mbovu usiguse nati za juu kabisa. Gasketi zote mpya, ile ya zamani ikishabanwa mara moja imekwisha. Na gari ikae kwenye stendi, sehemu ngumu, matairi ya nyuma yamezuiwa. Jeki peke yake usilale chini yake hata kwa kuokota nati.

boksa_wa_arusha
Asanteni sana nimejifunza mengi. Nimefungua kava leo, mstari mweusi upo kwenye flenji ya krosova upande wa kushoto, kweusi kabisa. Nati za juu zinaonekana nzima. Vipi kuhusu ile kamba ya joto ya kuvingirisha bomba, nimeona wengi wanaweka na inapendeza.

mvita_flat4
Kwa Subaru mimi siiweki. Hizi injini gasketi za kava za valvu huvuja oili na ile oili hudondokea moja kwa moja kwenye heda. Bomba likiwa wazi utasikia harufu na kuona moshi, utajua kuna tatizo. Ukiwa umevingirisha ile kamba inanyonya oili mpaka imelowa, halafu siku moja kwenye mlima inawaka. Tena bomba la chuma cha kawaida ndani ya kamba linashika unyevu linaoza bila kuonekana. Rudishia mabati ya joto yaliyokuja na gari, yakikosa boliti tafuta boliti, usiyatupe kama mafundi wengi wanavyofanya.

kanairo_sti
Boss mimi pia naona orijino ya mtumba iliyo safi inatosha kwa krosova, hiyo pesa ya heda kamili weka kwa mafla ya nyuma yenye njia iliyonyooka lakini ubakishe rezoneta ya katikati, lile kopo dogo linalomeza mngurumo. Ukitoa zote mbili kuna mngurumo utaingia ndani ya gari ukiwa barabara kuu, unakaa kwa masikio safari yote, bibi na watoto hawatakubali hiyo gari tena. Na huku Nairobi kumbuka kanuni za kelele za NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) za 2009 zinagusa magari pia, kwa hivyo sauti nzito ya chini ni bora kuliko makelele.

boksa_wa_arusha
Nimeamua basi. Krosova orijino ya mtumba, gasketi mpya, mabati yanarudi, mafla mwezi ujao. Heda za urefu sawa hapana.

mafuta_na_moshi
Safi. Ukifunga weka nati zote kwa mkono kwanza mpaka flenji zote zimekaa, ndipo ubane kwa kubadilishana pande. Washa, iache ipate moto vizuri, zima, isubiri ipoe kabisa halafu pitia nati tena, utakuta kuna zinazokubali robo ya mzunguko. Kama krosova utakayopata ina tundu la sensa ya oksijeni ambalo lako halina, au kinyume chake, usinunue kwanza, piga picha zote mbili uweke hapa tuangalie.