Mkazi asiye raia amchague diwani? Tujadili

Mleta mada:
Wadau, kuna jambo limenikaa kichwani. Mtu kahamia nchi nyingine kihalali, kakaa mtaa mmoja miaka kumi na mitano. Watoto wake wanasoma shule ya halmashauri, taka zake zinazolewa na gari la halmashauri, taa ya barabarani ikiungua naye anapapasa gizani kama jirani yake. Siku ya kumchagua diwani jirani anakwenda kituoni, yeye anabaki nyumbani kwa sababu pasipoti yake ni ya kwingine. Ni sawa?

Nasema si sawa. Ila nieleweke: nazungumzia serikali za mitaa tu. Rais, wabunge, jeshi, mikataba na mataifa mengine, hayo wabaki nayo raia.

Na si ndoto za mchana. Uswidi ilipitisha sheria 1975, na mwaka uliofuata wageni waliokaa miaka mitatu wakapiga kura za manispaa. Denmark ikafuata 1981, Norwei 1983, Uholanzi 1985. Ayalandi haiangalii uraia kabisa kwenye kura za mitaa, ukazi unatosha. Korea Kusini, ambayo hakuna anayeiita nchi ya wahamiaji, iliwafungulia mlango wakazi wa kudumu na wakapiga kura 2006. New Zealand ndiyo imepitiliza: tangu 1975 mkazi wa kudumu anachagua hadi bunge. (Mimi huko sifiki.) Sijasikia hata moja kati ya hizo iliyopoteza bendera.

Karibuni, ila tupigane kwa hoja.

Mchangiaji wa 1:
Napinga, mkuu. Kura si huduma, eti kwa kuwa nawe unatupa taka basi upewe. Kura ni mamlaka, na anayeshika mamlaka lazima awe amefungwa na nchi kwa kamba isiyokatika kirahisi. Mambo yakiharibika mgeni anafunga virago anarudi kwao. Raia anabaki na deni la halmashauri na shule iliyobomoka.

Halafu huo mpaka wa "mitaa tu" usitufumbe macho. Luxembourg wageni walishapata kura za mitaa. Mwaka 2015 wananchi wakaulizwa kwenye kura ya maoni kama wageni waingie na kwenye uchaguzi wa bunge. Takriban asilimia 78 wakakataa. Waliona gari linakoelekea.

Mleta mada:
Ndugu yangu, mfano huo unanibeba mimi. Luxembourg wageni ni karibu nusu ya wakazi wote, na bado mpaka kati ya mitaa na bunge ulishika. Waliotaka kuuvuka waligonga ukuta, na kura za mitaa zikabaki palepale.

Kuhusu virago: raia aliyehamia mji fulani mwaka jana, akitokea mji mwingine wa nchi hiyohiyo, anapiga kura na mwakani anaweza kuhama tena. Hakuna anayemuuliza atakaa hadi lini. Kwa hiyo tunachopima hapo si kukaa.

Mchangiaji wa 2:
Naunga mkono hoja, lakini naomba ile ya "analipa kodi kwa hiyo apige kura" isiletwe humu. Najua iko njiani, huwa haikosi.

Kodi ikiwa ndiyo tiketi, raia asiye na kipato tutamwambia nini? Na kampuni inayolipa kuliko mtaa mzima tuipe kura ngapi? Kulikuwa na zama kura ilikuwa ya mwenye mali, na watu wakahangaika vizazi kadhaa kuitoa huko. Leo tunairudisha kwa mlango wa nyuma, tena kwa nia njema. Mtalii naye analipa kodi kila anaponunua maji ya kunywa.

Hoja yenye nguvu ni ya kutawaliwa. Sheria ndogo za halmashauri hazimuulizi mtu pasipoti. Zinampiga faini, zinampangia saa ya kufunga duka, zinaweza kuweka alama ya kubomoa kwenye ukuta wake. Mtu anayebanwa na sheria hizo mwaka baada ya mwaka, siyo wiki mbili za likizo, awe na neno kwa anayezitunga. Basi.

Mchangiaji wa 3:
Basi achukue uraia. Mbona mnazunguka?

Mleta mada:
Hili ndilo jibu zito kuliko yote ya upande wa pili, na mwenzetu kalimaliza kwa maneno matano.

Oktoba 1990 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilizifuta sheria za majimbo mawili, Schleswig-Holstein na Hamburg, zilizowapa baadhi ya wageni kura za mitaa. Ikasema mamlaka hutoka kwa wananchi, na hapo mwananchi maana yake ni raia. Mkitaka wakazi hao wapige kura, rekebisheni sheria ya uraia. Kimantiki, safi. Lakini ukaja Mkataba wa Maastricht wa 1992, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, Ujerumani ikabadili katiba yake, na raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya akaruhusiwa. Matokeo yake Mtaliano aliyehamia Köln mwaka jana anamchagua diwani. Mturuki aliyefika miaka ya sitini kufanya kazi kiwandani, akazeekea hapohapo, hamchagui. Ile kamba ya mchangiaji wa kwanza iko wapi hapo?

Na kuchukua uraia kwa Mturuki huyo kwa kawaida kulimtaka aukane ule wa kuzaliwa. Ujerumani imeukubali uraia pacha kwa wote 2024, wengi wa kizazi chake wakiwa wameshazikwa. Nakiri: nchi ikiweka lango la uraia wazi, miaka mitano na ada ya kulipika, hoja yangu inapungua nguvu. Ila ikilifunga kisha ikamwambia mtu "pita langoni", hiyo ni kejeli.

Mchangiaji wa 4:
Mnajadili kana kwamba wageni wenyewe wamepanga foleni. San Francisco ilipitisha 2016 kwamba wazazi wasio raia wachague bodi ya shule. Ulipofika uchaguzi wa 2018 waliojiandikisha hawakufika hata mia. Si uvivu. Jina likiingia kwenye daftari, idara ya uhamiaji inaweza kulipata, na mji wenyewe uliwatahadharisha hivyo. Marekani asiye raia akipiga kura kwenye uchaguzi wa shirikisho anaweza kufukuzwa nchini. Nani ahatarishe familia kwa ajili ya bodi ya shule?

Jiji la New York nalo lilipitisha sheria 2021 ya kuwaingiza takriban watu 800,000 wenye ukazi wa kudumu au vibali vya kazi, sharti wawe wamekaa siku 30. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaifuta 2025, kwamba katiba ya jimbo inataja raia. Siku thelathini, jamani! Mtu hajajua hata basi lipi linakwenda wapi.

Mchangiaji wa 1:
Kwenye siku thelathini tumekubaliana, kwa mara ya kwanza humu. Haya, tuseme nimelegeza. Miaka iwe mingapi? Na akishapiga kura, atagombea pia?

Mleta mada:
Mitano, kama Uholanzi. Mitatu ya Uswidi naiona michache. Kwenye kugombea nasitasita, sifichi. Halafu namkumbuka Rotimi Adebari. Alifika Ayalandi mwaka 2000 akitokea Nigeria, akaomba hifadhi. Mwaka 2004 wakazi wa Portlaoise wakamchagua diwani, 2007 akawa meya wao. Kwa miaka yangu mitano, 2004 asingekuwa hata kwenye daftari. Wewe ungewaambia nini waliompigia?