Mafundi wa uani Mbeya, acheni kuvuta giaboksi kwa bolti! Mnaua klachi mpya halafu mnasingizia boksi

Wakuu, leo sipaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna ugonjwa umeota mizizi mji huu, kuanzia nyua za Ilomba hadi Nzovwe. Giaboksi imepandishwa, imebakiza upenyo wa kidole kimoja kukaa kwenye injini, haisogei tena. Fundi anachomeka bolti mbili ndefu, anashika racheti, anavuta mpaka inalia "kwaa" na kukaa. Gari ikiwashwa, rivasi inakwaruza na gia ya kwanza inaingia kwa kubembelezwa. Hukumu inatolewa hapo hapo: "Boksi mbovu hii bosi, tafuta nyingine." Mwenye gari anatumwa kusaka boksi la mtumba na lake halina kosa lolote!

Boksi lililolengwa linaingia kwa mikono. Shafti ya mbele inapita kwenye meno ya pleti ya klachi, ncha yake inazama kwenye beringi ndogo (magari mengine ni bushi) iliyo katikati ya kranki (shafti kuu ya injini), kisha mdomo wa boksi unalala kwenye injini pande zote. Bolti kazi yake ni kushikilia kitu ambacho tayari kimekaa. Ukiona upenyo umegoma kuisha, ujue pleti haiko katikati, au meno hayajakutana, au kibati cha vumbi ama waya wa selfu (stata) umebanwa kule juu usikoona. Ukilazimisha, kitu kinashindwa: kitovu cha pleti kinapinda, beringi ya kranki inasagika, au sikio la aluminiamu la boksi, pale inapopita bolti, linapasuka. Na pleti iliyopinda ndiyo hiyo inayoendelea kusugua flaiwili (gurudumu zito la injini linalogusana na pleti) hata mguu ukiwa umezamisha pedali. Hapo gia zitaingiaje?

Meno yasipokutana, dawa yake ni ya bure. Ingiza boksi gia ya nne, msaidizi azungushe kwa mkono jicho la nyuma linalopokea propela huku wewe unasukuma. Shafti itazunguka kidogo kidogo mpaka meno yakutane, na utasikia boksi likizama lenyewe. Kama pleti ililengwa kwa macho tu, bila kilengeo cha plastiki (kijiti cha kuweka pleti katikati), utazungusha mpaka jua lizame. Kilengeo kinakuja bure kwenye katoni za klachi nyingi na nyie mnakitupa pamoja na karatasi!

Kabla hamjahukumu boksi, pimeni. Zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini, mara nyingi boksi na linkeji (viungo vya kutoka kwenye mkono wa gia) havina kosa. Washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii. Tafuta upepo kwenye bomba, masta silinda (pampu ya pedali) inayopitisha mafuta kwa ndani, pleti iliyopinda au iliyogeuzwa. Ndiyo, iliyogeuzwa. Kwenye magari mengi kitovu kilichochomoza chenye springi kinatazama boksi, na pleti nyingine zimeandikwa kabisa upande wa flaiwili. Ukiigeuza, kitovu kinagota kwenye vichwa vya bolti za flaiwili na haitaachia mpaka kiama.

Milio nayo inasema. Gari iko nyutro, mlio upo ukiwa umeachia pedali na unapotea ukikanyaga: hiyo ni beringi ya shafti ya mbele, hapo ndipo boksi lishitakiwe. Mlio unaanza unapogusa pedali tu: beringi ya klachi, ambayo ilipaswa kubadilishwa boksi likiwa chini.

Presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti): bolti zifungwe kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, hadi ikae. Toyota nyingi zenye bolti za spana namba 12 zinataka nyutonimita 19, yaani nguvu ya kiganja. Mnaning'inia kwenye spana kama mnafunga nati za tairi za fuso, kisha mnashangaa pedali inatetemeka.

Halafu grisi. Kwenye meno ya shafti inatosha ya ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, unapaka, unafuta. Nyie mnaweka kama blubendi kwenye mkate. Ikizunguka inarukia pleti, pleti inateleza, na gari ikipandisha mlima wa Kawetere na magunia ya viazi, injini inapiga kelele na gari haiendi, harufu ya kuungua imejaa. Mnasema klachi feki. Feki zipo, sikatai, ila hii mliiua wenyewe.

SpanaMkononi:
Umewasema sawasawa ila umeruka pini za kulengea. Ni mbili, vijipaipu vidogo vinavyokaa kati ya injini na boksi. Injini ya mtumba ikiletwa, mara nyingi pini zimebaki kwenye injini ya zamani, na hakuna anayezikumbuka. Boksi linafungwa kwa bolti tupu, na tundu la bolti lina nafasi ya kucheza. Boksi likikaa pembeni hata kidogo, beringi ya mbele inaanza kulia na pleti inakula meno yake. Kabla ya kupandisha, pitisha kidole kwenye uso wa injini. Pini hazipo? Zikang'oe kwenye ile ya zamani kwanza.

Mzee wa Mbalizi:
Kijana, hasira yako naielewa, lakini uani hakuna jeki ya boksi. Boksi la pikapu lina kilo 40 na ushee, watu wawili wamelala chali wamelibeba kifuani. Mikono ikichoka, bolti ndiyo mkombozi.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee. Hapo kwenye mikono kuchoka ndipo pleti zinapopinda. Shafti ikiingia nusu halafu watu wakaachia ili wapumue, uzito wote unaning'inia kwenye kitovu cha pleti. Wapumue boksi likiwa juu ya jeki ya kawaida yenye kipande cha ubao, gari likiwa kwenye stendi. Na watafute bolti mbili ndefu za uzi uleule wa injini, wakate vichwa, wachonge mfereji wa bisibisi kwenye ncha. Zinafungwa kwenye injini kushoto na kulia, boksi linateleza juu yake kama droo. Likishakaa, zinafunguliwa kwa bisibisi, zinawekwa bolti halisi. Msumeno wa chuma tu, mzee.

KlachiBaridi:
Nyongeza kwa wa Uyole na Makambako. Asubuhi za Julai gia ya pili ikiwa ngumu kilomita za mwanzo halafu ikalainika, msishushe boksi. Ni oili nzito kwa baridi. Angalieni mliyomimina: kama kitabu cha gari kinasema GL-4 (daraja la oili ya gia), msiweke GL-5 ya difu kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye galoni. Dawa zake zinaweza kula ringi za shaba za sinkronaiza, zile zinazofanya gia ziingie laini.

Mleta uzi:
Asante mkuu. Na wale wanaopasua sikio la boksi kisha wanaziba kwa gundi ya chuma na kupaka rangi ya fedha juu: sikio linachomelewa na mchomeleaji wa aluminiamu, boksi likiwa chini, limefunguliwa na kuoshwa oili. Mkishapandisha na gundi yenu, ufa unarudi kwenye mteremko wa kwanza wa Kitonga.